Dada wa darasa naye anakula mchana

Mimi ni msaidizi wa darasa la awali katika shule moja binafsi hapa Moshi. Niliajiriwa kumsaidia mwalimu: kuwapeleka watoto chooni, kuwagawia uji, kumshika mkono anayejifunza kuandika "a". Kufika muhula wa pili nilikuwa pia matroni wa basi, na mtu wa kujibu wazazi WhatsApp hadi saa nne usiku.

Kilichonimaliza ni mchana. Watoto wakilala kwenye magodoro, mwalimu anakwenda kula, mimi nabaki. Nilikula makande yangu nimesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika kijiko, mwingine nampigapiga mgongoni yule asiyetaka kulala. Siku moja kijiko kikaniponyoka, kikatumbukia kwenye kiatu cha mtoto. Sikukiokota. Nilikitazama tu.

Kaka yangu akaniambia nisome mkataba kwanza, kulia baadaye. Nikakuta "na kazi nyingine utakazopangiwa", maneno yaliyokwishatuumiza wengi. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina mipaka yake: saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na ukipitisha saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya dakika 60. Mwajiri anaweza kukuzuia wakati wa mapumziko ikiwa tu kazi haiachiki bila mtu au hakuna mwingine wa kuifanya. Watoto hawaachiki, kweli. Ila mwingine alikuwepo, alikuwa kantini.

Kwa wiki mbili niliandika kwenye daftari: napanda basi saa 12:00 asubuhi, nashuka saa 10:30 jioni. Ijumaa, watoto wameshaondoka, nikagonga ofisini.

"Shikamoo madam. Naomba dakika kumi."

Sikuanza na sheria. Nilianza na watoto, kwamba mtu mwenye njaa akisinzia ndipo mmoja anapotoka getini.

"Mbona wenzako hawalalamiki?"

Nikamfungulia daftari. Alisoma kimya, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Hii ya basi ni kila siku?" Kumbe hakujua.

Tulikubaliana basi nipokezane na msaidizi wa darasa la pili, wiki kwa wiki, na mwalimu atangulie kula, akirudi nitoke mimi. Mwalimu alinuna karibu mwezi mzima, salamu zikawa za kuhesabu. Wazazi niliwaandikia kwamba baada ya saa 11 jioni sijibu mambo ya shule, dharura wapige ofisini. Usiku uleule mama mmoja akauliza sweta la mwanawe liko wapi. Niliusoma ujumbe (nani anaweza kuacha kuusoma?) ila sikujibu. Asubuhi mtoto alikuja kalivaa.

Malipo ya saa za ziada bado nayafuatilia, ambayo kisheria ni mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Ila jana makande nimeyala yakiwa ya moto, nimekaa chini ya mparachichi nyuma ya jiko.