Siku yangu moja kati ya mitungi, makufuli na ngazi za nyuma

Saa 12 asubuhi, Tabata

Karakana yetu ipo uchochoroni, nyuma ya gereji. Kazi yangu ni kuhudumia vifaa vya kuzimia moto kwenye majengo ya kuishi hapa Dar es Salaam: kupima mitungi na kuijaza, kukagua mabomba na kengele, halafu kuwaambia wenye majengo mambo ambayo hawakuniitia. Tunapakia kirikuu mapema, kabla foleni ya Buguruni haijakaza. Kijana ninayefanya naye kazi anapandisha mitungi ya hewa ya ukaa kwenye mizani mmoja baada ya mwingine, maana hiyo haina geji ya kuonyesha presha. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa shingoni. Ukiutoa kwenye ule unaosomeka kwenye mizani, unajua kilichobaki ndani.

Mtungi wa unga wa kuzimia moto una geji, na hiyo geji ndiyo inayowapumbaza watu. Mshale umesimama kwenye kijani, mwenye nyumba ametulia, kumbe unga umekaa miaka bila kuguswa ukaganda chini. Mimi huupindua kichwa chini na kutega sikio. Nisiposikia unga ukiteremka, huo ni pambo la ukutani.

Saa 2 asubuhi, Kariakoo

Jengo la ghorofa nane. Chini maduka, katikati stoo, juu wanaishi watu na watoto wao. Kariakoo yote imekaa hivyo. Soko lenyewe lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wengi wetu tuliongelea mali iliyoteketea. Mimi nilikuwa nawaza maghorofa yanayolizunguka, yenye nguo na plastiki chini na vitanda juu.

Mlinzi ananisalimia, anadhani nimefuata mitungi. Namwomba anipeleke kwanza ngazi ya nyuma. Anacheka kidogo. Ngazi ya nyuma ipo, imejengwa vizuri, ina upana wa kutosha. Ila kuanzia ghorofa ya pili hadi ya nne imejaa marobota. "Mzigo unatoka kesho, kaka." Mzigo wa ngazini hutoka kesho siku zote, na ukitoka unaingia mwingine. Mlango wa kila ghorofa unaoingia ngazini umewekewa tofali usijifunge, kwa sababu vijana wa kubeba mizigo wanachoka kuusukuma.

Hilo tofali ndilo linalonikosesha raha kuliko mitungi yote mibovu ya jengo hili. Ule mlango umetengenezwa ujifunge wenyewe ili moshi ubaki kwenye ghorofa inayoungua. Ukiuacha wazi, moshi wa moto unapanda na kujaa kwenye ngazi, na ngazi ndiyo njia ya kila anayelala juu. Wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba huuliwa na moshi kabla mwali haujawafikia. Mtu wa ghorofa ya saba anaweza kufa kwa robota lililoungua ghorofa ya pili, chumbani kwake kusiwe na hata doa la masizi.

Nakagua bomba la kupandishia maji. Vali zipo, lakini viungo vya shaba vya kuungia mpira havipo. Vimeshauzwa kwenye vyuma chakavu. Gari la zimamoto likija, askari watabeba mipira yao hadi juu kwa mikono, na muda huo hakuna wa kuurudisha. Nje, kando ya barabara, pale ninapojua kuna haidranti, yaani bomba la gari la zimamoto kuchotea maji, meza ya mauzo ya soksi imekaa juu yake. Simlaumu mwenye meza, hakuna alama yoyote iliyobaki pale. Namwonyesha, anasogea hatua mbili. Nikipita wiki ijayo huenda amerudi.

Mlango wa paa una kufuli. Ufunguo anao mtu aliyesafiri.

Saa 4 asubuhi

Chai na chapati kwa mama lishe. Anapikia mkaa chini ya ngazi ya jengo la jirani. Nimemwambia, amenijibu, "Mwanangu, nitafutie mahali basi." Sina mahali pa kumtafutia. Tunamsaidia kusogeza jiko mbali na mabox.

Saa 5 asubuhi, Upanga

Hapa ni maghorofa ya zamani, ngazi moja katikati, nyumba mbili au tatu kila ghorofa. Mzee mwenyekiti wa wakazi ananingoja chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo utanijibu swali langu."

Mzee ana ndugu London, na tangu jengo la Grenfell liungue Juni 2017 swali lake ni moja: kwa nini watu waliambiwa wabaki ndani? Namweleza tukipanda ngazi. Ushauri wa kubaki ndani unafaa pale tu moto unapobaki kwenye nyumba moja. Grenfell ulianzia kwenye friji ghorofa ya nne, ukatoka dirishani, ukapanda kwenye mabamba yaliyobandikwa ukuta wa nje. Jengo la ghorofa 24 na ngazi moja. Watu 72 walikufa. Majengo yetu mengi ya tofali na zege hayana mabamba hayo, na sakafu ya zege huzuia moto vizuri kuliko watu wanavyodhani. Udhaifu wetu upo kwenye milango na madirisha.

Nyumba ya kwanza inatosha kuonyesha. Mlango wa mbao, nje yake geti la chuma, geti lina makufuli mawili. Kila dirisha lina grili iliyochomelewa ukutani, hata la bafuni. Mama mwenye nyumba anajivunia. Waliibiwa zamani, na tangu hapo hawajaibiwa tena. Namwuliza funguo za geti zinakaa wapi usiku.

"Kwenye mkoba wangu."

"Mkoba unakaa wapi?"

Anafikiri. "Inategemea."

Katika kazi hii nimejifunza kutomcheka mtu anayeogopa mwizi. Mwizi anamjua, moto hajawahi kuuona. Ukimwambia aondoe grili atakufunga nje wewe na mtungi wako. Kwa hiyo siombi ziondolewe. Naomba vitu viwili. Ufunguo uning'inizwe kwenye msumari ndani, mahali pamoja pasipobadilika, karibu na mlango lakini mkono wa dirishani usipafikie, na kila anayelala humo ndani apajue gizani. Pili, grili ya dirisha moja, hasa la chumba cha nyuma, ikatwe iwekewe bawaba na komeo la ndani. Fundi wa kuchomelea anaimaliza asubuhi moja, na mwizi aliye nje haoni tofauti.

Halafu nauliza mchana anabaki nani.

"Dada yupo, na watoto."

"Ana ufunguo?"

Kimya. Dada wa kazi yupo jikoni anasikia kila neno. Wao wakienda kazini wanamfungia na watoto wawili hadi jioni, ili asitoke, asiingize mtu, watoto wasizurure. Mama si mtu mbaya, na nyumba zinazofanya hivi ni nyingi kuliko zinazokiri. Lakini humo ndani kuna mtungi wa gesi wa kilo 15, pasi, na binti ambaye njia yake ya kutokea imo mkobani mwa mtu aliye Posta. Hapo sibembelezi. Nimemwambia mbele ya mzee: mtungi wa kuzimia moto nitakuuzia, lakini kabla ya mtungi, dada apewe ufunguo. Akiuliza kama nitamlipa vitu vikiibiwa, sina jibu zuri. Ufunguo apewe tu.

Jikoni napaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na kwenye rigaleta. Panapotoa mapovu panavuja. Mpira umepasuka-pasuka upande unaogusa jiko, ubadilishwe. Namwita dada aone, kwa sababu yeye ndiye mpishi. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa wala usiizime, usichomoe kitu ukutani. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toa watoto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Dada anauliza swali ambalo mama hakuuliza: "Na mlango ukiwa umefungwa?" Tumemwangalia mama sote.

Kitambua moshi wanacho, kimefungwa mfuko wa plastiki kwa raba kwa sababu kilikuwa kinalia samaki wakikaangwa. Tumekihamishia kwenye korido, nje ya vyumba vya kulala.

Saa 7 mchana

Chumba cha mita. Mita za LUKU zimepangana vizuri. Pembeni, swichi ya nyumba mojawapo ilikuwa inakata umeme kila wakipika, fundi wao akaitoa akaweka kubwa zaidi. Sasa haikati. Waya ukutani ni uleule. Ekstensheni ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 13, sawa na wati 3,000 hivi kwa umeme wetu wa volti 230. Nyumba ile imechomeka kwenye ekstensheni moja birika la wati 2,000, jiko la koili la 1,500 na pasi ya 1,200. Hiyo ni ampea 20. Swichi ya zamani ilikuwa inawaambia ukweli, wakaifukuza kazi. Naandika kwenye ripoti kwa herufi kubwa, kwa sababu umeme si fani yangu ya kugusa. Aitwe fundi mwenye leseni.

Saa 10 jioni

Mazoezi uwanjani, pale wanapoegesha magari. Nilimwomba mzee awatoe wote, na madada wa kazi nao washuke, chakula cha jioni kisubiri. Wameshuka wengi, watoto mbele.

Tunawasha moto kwenye pipa lililokatwa. Kila mmoja anachomoa pini, anaelekeza mdomo kwenye kitako cha moto, siyo kwenye mwali, anabana na kufagia kushoto na kulia. Bwana mmoja mwenye mwili mkubwa amemaliza mtungi mzima akilenga juu. Moto umebaki unacheza, watoto wakamzomea. Hapo ndipo wengi wanagundua kwamba mtungi wa kilo 6 huisha kwa sekunde 15 hadi 20. Ni kifaa cha kuzimia kikaango au kapu la taka, au cha kukufungulia njia ya mlangoni. Sebule ikishashika, toka, vuta mlango nyuma yako.

Kisha sufuria ya mafuta. Nikiwa mbali, namimina kikombe cha maji kwa mti mrefu. Mpira wa moto unaruka juu kuliko geti, watu wanapiga kelele. Lita moja ya maji hugeuka mvuke wa lita 1,700 hivi, na mvuke huo hurusha mafuta yanayowaka. Mara ya pili nazima jiko, nateleza mfuniko juu ya sufuria, basi. Dada wa ile nyumba amejaribu, mkono haukumtetemeka.

Namba ya zimamoto ni 114. Wengi hawakuijua. Nawafanyisha na mazungumzo yenyewe, kwa sababu mtu aliyepaniki husema "njooni haraka" na kukata. Taja mtaa, taja msikiti au shule iliyo karibu, sema ghorofa ya ngapi na nani amebaki ndani, kisha mtu mmoja akasimame barabara kubwa alipokee gari. Tumekubaliana wote wakutane chini ya mwembe, na mzee ndiye atakayehesabu. Akasoma karatasi yake yenye orodha ya wakazi. Ilikuwa na wenye nyumba na watoto wao. Madada wote hawakuwemo. Ameiandika upya palepale.

Saa 12 jioni

Mwenye jengo lingine anapiga simu, anataka nibandike stika ya mwaka huu kwenye mitungi yake bila kuifungua, ana haraka ya cheti. Cheti hutolewa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji baada ya ukaguzi wao, na stika yangu maana yake nimefungua. Kazi nimeikosa. Ataipata kwa mwingine, hilo nalijua.

Saa 3 usiku

Mzee wa Upanga ametuma ujumbe. Fundi wa kuchomelea ametaja bei ya bawaba na komeo kwa kila dirisha, na kundi la wakazi limewaka: wapangaji wanasema alipe mwenye nyumba, wenye nyumba wanasema alipe anayelala humo. Nimemjibu waanze na vyumba vya nyuma ghorofa za juu, komeo liwe la kufungua kwa mkono bila ufunguo, na wakatae kabisa kufuli. Nimemwuliza pia habari ya ufunguo wa dada.

Amejibu: mama amechonga mmoja. Mume bado anauliza nani alimruhusu fundi wa mitungi kuongelea funguo za nyumba yake.