Iringa hadi Uyole mwezi Juni: nyuma ya fedha za vijiji

Nilitoka Iringa mjini kuelekea Uyole, Mbeya, saa moja asubuhi, wiki ya tatu ya Juni, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Mwezi niliuchagua kwa makusudi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30, kwa hiyo huu ndio wakati wa kuona fedha za maendeleo zilifika wapi na zilikwamia wapi. Kuna kalenda nyingine pia, ya mvua. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba na kukatika Aprili, mwaka mwingine Mei. Ziweke hizo kalenda mbili pamoja. Fedha za robo ya pili zinakutana na mvua za kwanza, za robo ya tatu zinaingia katikati ya matope, za robo ya nne zinafika watu wakiwa mbioni kufunga mahesabu. Julai hadi Oktoba, miezi ya kujenga, ndiyo miezi ambayo kazi nyingi bado ziko kwenye zabuni. Karibu kila nilichokiona njiani kilikuwa na alama ya mgongano huo.

Hadi Mafinga ni kilomita 80 hivi za lami, barabara kuu iliyo chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na sina la kusimulia hapo. Habari inaanza ukiiacha lami. Barabara za wilaya na za vijiji ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi 2017, na tozo ya barabara inayokatwa kwenye petroli na dizeli iligawanywa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya hizi barabara za vijijini. Mtu wa bodaboda anayepanda na magunia kutoka bondeni anachangia barabara ileile inayomvunjia shokapu. Ana haki ya kuuliza.

Wilaya ya Mufindi ina vipande vilivyopangiwa lami kwa mkopo wa Benki ya Dunia chini ya RISE, mradi wa barabara za vijijini, Mtili hadi Ifwagi ikiwemo. Mimi nilipita za udongo, zinazopita kati ya chai na misitu ya misonobari, kwa sababu ndizo nyingi. Kijiji cha kwanza nilichosimama kilikuwa kimewekewa changarawe mwaka uliotangulia. Kilomita moja yenye upana wa mita 5 na unene wa sentimita 15 inataka mita za ujazo 750 zilizoshindiliwa. Kabla ya kushindiliwa ni kama 950, yaani tipa za mita 10 zipatazo 95. Pale njiani changarawe ilikuwa imebaki pembeni tu, katikati udongo mwekundu mtupu. Sababu ilionekana kwa macho: barabara ilikuwa bapa. Mgongo wa barabara unatakiwa kushuka asilimia 5 au 6 kutoka katikati kwenda ukingoni, na kwa nusu upana wa mita 2.5 hiyo ni sentimita 12 hadi 15. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuupima kwa kamba, pima maji na rula siku greda linapoondoka, kabla hajaombwa kushuhudia kwamba kazi imekamilika. Mgongo usipokuwepo maji hayaendi mtaroni. Yanatembea barabarani pamoja na changarawe yako.

Makalavati nayo, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. La kipenyo cha milimita 600 ni rahisi kununua, lakini likijaa mchanga na mabua ya mahindi hakuna mtu anayeweza kuingia kulizibua. La milimita 900 kijana anaingia na koleo fupi. Kwenye milima hii tofauti hiyo ya bei hurudi msimu mmoja tu. Na mteremko ukizidi asilimia 8 hivi, changarawe haikai hata ikiwekwa vizuri namna gani; pale panahitaji zege au mawe, hata kama ni mita 150 tu. TARURA huita kazi ya namna hii matengenezo ya sehemu korofi, na kwa maoni yangu ndiyo matumizi bora kuliko yote ya fedha kidogo: mita 150 za zege mahali gari linapokwama zinafungua kilomita 12 nyuma yake. Tatizo ni kwamba kwenye ripoti kilomita 12 zilizochongwa zinapendeza kuliko mita 150.

Kijiji cha pili, bado Mufindi, nilikaribishwa kwa “Kamwene” na mwenyekiti akanipeleka moja kwa moja kwenye boma. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa boma ni nini: kuta za darasa au zahanati zilizopandishwa na wananchi hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kwa matofali ya kuchoma na michango ya kaya, zikisubiri serikali imalizie. Kiwango kilichozoeleka cha kumalizia darasa moja la shule ya msingi ni shilingi milioni 12.5, na boma la zahanati milioni 50. Fedha hizo ni za paa, plasta, sakafu, milango na madirisha. Si za kubomoa na kuanza upya. Hapo ndipo mambo huharibika.

Boma hili lilikuwa limekaa misimu miwili ya mvua bila kufunikwa. Tofali za kozi za juu zilikuwa zinamenyeka kwa kidole. Lenta ilikuwa na nondo mbili badala ya nne, kwa kuwa mhandisi wa halmashauri aliitwa baada ya zege kumwagwa, si kabla. Mbao za paa zilizonunuliwa hazikuwa zimetiwa dawa ya mchwa, na hiyo ni Mufindi, wilaya yenye Shamba la Miti la Sao Hill! Bati walitaka kuchukua la geji 30 kwa bei nafuu. La geji 28 ndilo linalostahili, kwa sababu upepo wa Agosti huku hulikunja lile jembamba kutoka kwenye misumari. Nilimwuliza mwenyekiti kama walikuwa na barua ya mhandisi. “Tulikuwa na nguvu, ndugu yangu,” alisema, “karatasi hatukuwa nayo.”

Karatasi ni hizi, na kijiji kinachotaka kuanza boma kizitafute kabla ya kufyatua tofali la kwanza: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliokubali mradi, wenye mahudhurio na saini, uthibitisho wa eneo kwamba halina mgogoro, ramani ya kawaida inayotolewa bure na ofisi ya mhandisi wa halmashauri, na maandishi yake kwamba amekagua msingi, kisha amekagua nondo za lenta kabla ya zege. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Uliokaa bila muhtasari ni kama haukukaa, maana ngazi ya kata na halmashauri hupokea kilichoandikwa.

Fedha zikija, kazi hufanywa kwa fosi akaunti: fundi wa hapa hapa analipwa ufundi, vifaa vinanunuliwa na shule au zahanati yenyewe kupitia kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Mpango mzuri, umepunguza gharama na umebakiza fedha kijijini. Lakini tangu 2023 manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, na muuza mchanga wa mtoni hana namba ya mlipakodi wala risiti ya mashine. Mwalimu mkuu anapanda kilimani kutafuta mtandao. Nilikuta darasa lina saruji na bati stoo, halina mchanga, na mto uko hatua mia tatu kutoka pale. Dawa yake ni kusajili wauzaji wawili watatu wa kata mapema, mwezi Mei au Juni, wakati hakuna fedha wala haraka. Kusubiri fedha ziingie ndipo uanze usajili ni kujitafutia kurudisha bakaa, yaani fedha zisizotumika hadi mwaka unafungwa.

Makambako niliikata bila kusimama, zaidi ya kikombe cha chai ya maziwa. Njombe mjini nilikaa nusu siku kuzungumza na vikundi vya mikopo ya asilimia 10. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, tangu marekebisho ya 2018, inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya marejesho kuzorota, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Nitasema moja tu. Kikundi cha viazi mviringo kinachopewa mkopo Januari kimekwisha kushindwa kabla hakijapanda, kwa kuwa mbegu, mbolea na dawa ya ukungu vilihitajika Oktoba. Marejesho yanayoanza mwezi unaofuata yanalipwa kwa kuuza mbuzi. Wa saluni na wa kuku hawaoni shida hiyo, na ndio wanaosifiwa kwa kurejesha vizuri.

Njombe hadi Makete sasa ni lami, kilomita 107, na ukikumbuka ilivyokuwa utatulia kitini. Makete ni nchi ya maji ya mserereko, maji yanayoshuka kwa uzito wake bila pampu wala umeme. Tangu Julai 2019 miradi ya vijijini iko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kila mradi unaendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Hesabu ya mradi haina uchawi. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, watu 250 kwa kituo. Kijiji cha watu 2,400 kinahitaji lita 60,000 kwa siku na vituo 10. Idadi ikikua asilimia 2.5 kwa mwaka, baada ya miaka 20 ni watu kama 3,900 na lita 98,000, karibu lita 1.1 kwa sekunde usiku na mchana. Chanzo kipimwe Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kabla ya mvua. Kinachopimwa Machi kinatoa namba nzuri na bomba kavu.

Mteremko ni neema, lakini una hasira. Kila mita 10 za kushuka zinaongeza bar moja ya presha. Bomba la plastiki la PN10, yaani la bar 10, linavumilia mita 100 za mshuko, kwa hiyo kabla ya kufika hapo lazima pawe na tangi la kupunguza presha. Kwenye mradi mmoja tangi la namna hiyo lilikuwa limerukwa kwa bomba la pembeni ili kitongoji cha juu kipate maji haraka. Chini yake maungio yalikuwa yanapasuka kila Alhamisi na Ijumaa, siku ambazo vituo hufungwa na presha inabaki bombani bila pa kwenda. Mtunza hazina wa chombo alinionyesha daftari: karibu fedha zote za ndoo, zile watu wanazolipa wakichota, zilikwenda kwenye maungio. Bibi mmoja aliyekuwa anasubiri foleni akasema, “Mwanangu, tunalipa maji mara mbili, hapa na kule yanakomwagika.” Valvu moja na fundi wa siku mbili ndivyo vilivyohitajika. Fedha za kujenga mradi mpya zina mafungu mengi. Fedha za kutunza uliopo zinatoka kwenye ndoo ya huyo bibi.

Kutoka Makete nilipanda uwanda wa juu wa Kitulo, baridi ikiuma masikioni, nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu hadi saa mbili. Barabara ya kwenda Isyonje ni kama kilomita 96, na kwenye sehemu mbovu niliona vizuri kile tunachokiita lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kinavyozaliwa. Dereva wa Fuso anatoza kwa gunia, si kwa kilo. Njia ikiwa mbaya nauli inapanda, mkulima anashona kofia juu ya gunia la viazi ili nauli ile ibebe zaidi, na mnunuzi anaizoea hiyo kofia kama haki yake. Sheria ya vipimo inakataza uzito kuzidi kilo 100. Wakaguzi wa mizani ni lazima wawepo, lakini nilipofika kipande kilichowekwa zege kwenye kona mbili kali, madereva wenyewe waliniambia nauli ya vijiji vya nyuma ilishuka msimu uleule.

Karibu na Isyonje watu kumi na wawili, wengi wanawake, walikuwa wanazibua mtaro. Walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kwenye ajira za muda zilizokuwa zikimpa mlengwa hadi siku 60 za kazi kwa mwaka. Walikuwa wamekata michepuo ya kutolea maji nje ya mtaro kila baada ya mita 40 hivi, na kwenye mwinuko mkali wakaisogeza karibu zaidi, wakipima kwa kamba yenye mafundo. Msimamizi wao, mama wa makamo mwenye buti za mpira, alisema siku zao zilikuwa zimebaki nne na mtaro ulikuwa umebaki mita mia mbili. Nilipoondoka kwenda Uyole walikuwa wameshaanza kipande cha kalavati, mmoja ndani na koleo, wengine wakipokea mchanga kwa karai.