Sahani ya Mwenye Zamu

Babu mzaa baba tulimzika Aprili 1987, masika yakiwa yamekaza. Mfereji unaopita juu ya kihamba chetu, shamba la ukoo, huko Kibosho kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ulikuwa unashusha tope tupu, na kuni zote za msiba zililowa isipokuwa zile Bibi alizokuwa amezirundika darini, juu ya moshi wa jiko.

Baba alipata telegramu akiwa kambini Kigamboni. Akavuka na pantoni, akapanda basi la usiku, na asubuhi ya Ijumaa tukamwona anapanda kilima kati ya migomba, begi la kijani begani, viatu mkononi. Ruhusa yake ilikuwa ya siku nne, mbili kati ya hizo ni za njiani. Alisimama mbele ya jeneza la baba yake muda mrefu bila kusema neno. Kisha akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaelekea jikoni.

Kwetu mwanamume huchinja, huchoma, hugawa nyama kwa ukoo kwa mpangilio unaojulikana. Sufuria ni la akina mama. Shangazi akamzuia mlangoni.

"Kaka, wewe ndiye mfiwa. Nenda ukakae na wazee."

"Dada, nikikaa nitalia. Niache nifanye kazi."

Shangazi akampisha.

Baba alikuwa mpishi wa wanamaji. Aliingia jeshini kupitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), akapelekwa Kamandi ya Wanamaji ilipokuwa bado changa, na kwa zaidi ya miaka 20 aliamka saa tisa usiku kwenda kuwasha majiko ya mesi. Zikija safari za doria alishuka kwenye boti zilizotoka China, akapika humo. Sisi jasho lake tulilijua kwa mani oda. Ikifika posta ya Moshi, Mama alishuka mjini kwa miguu na kurudi na ada ya kaka zangu, mafuta ya taa na sabuni. Haikuwahi kupita miezi miwili bila kitu kutoka kwake, hata miaka ile ambayo sukari yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa foleni.

Lakini kuna waliomwona mdogo. Krismasi ya mwaka uliotangulia, nyumba imejaa ndugu waliotoka mijini kama ilivyo desturi yetu kila Desemba, baba mdogo alimwambia mbele ya watu wote, "Wenzako wanarudi na magari, wewe unarudi na mwiko." Watu wakacheka. Baba akainuka, akaenda kumkatia ng'ombe majani. Tangu siku ile hawakusemezana. Nilikuwa na miaka 11, na neno lile liliniuma kuliko lilivyoonekana kumuuma yeye. Linaniuma hadi leo, maana mwiko ule ndio ulionisomesha.

Siku ya msiba baba mdogo hakuwepo. Alikuwa anafanya kazi Mwanza, na kwa barabara za wakati ule, tena masika, hakuna aliyejua kama yuko njiani.

Jambo la kwanza Baba aliuliza tuko wangapi. Mama mmoja akashtuka: watu wa msiba hawahesabiwi. "Basi nitahesabu sahani," akasema. Zililetwa za jumuiya, zikafika 140. Jambo la pili lilikuwa maji. Alitoa pipa mbili na kila debe lililokuwepo, akazipanga chini ya mabati, mvua ikazijaza, na akamweka kaka yangu azilinde: maji ya pipa ni ya kupikia tu, miguu ioshwe mferejini. Baharini, alituambia, maji yamekuzunguka pande zote na bado kikombe cha kunywa unakipima.

Sisi watoto alituketisha kwa mstari kumenya ndizi, kila wawili na beseni lao la maji ili ndizi zisiwe nyeusi. Vidole vyetu vilibaki na utomvu wiki nzima. Masufuria ya machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, hakuyajaza hadi shingoni. Aliishia chini kidogo ya nusu, akaongeza sufuria jingine. Shangazi akamwambia huku hakuna mawimbi. Baba akatabasamu, mara yake ya kwanza tangu afike, lakini sufuria halikuongezwa hata ndizi moja.

Mvua haikukatika. Chakula kilipoiva, wazee wakiwa tayari wamenawa, Baba akafunga njia kwa mwiko.

"Wanaochimba kaburi ni wangapi?"

"Sita."

Akapakua sahani sita, akazifunika kwa majani ya mgomba, akanituma mimi na binamu yangu tuzipeleke kwenye matope kule chini. Halafu ndipo wazee wakala. Mzee mmoja alinung'unika. Baba akamweleza kwa heshima zote kwamba kwenye boti kuna anayeshika usukani na kuna aliye chini na injini, na hao hawawezi kuja mezani. Sahani ya mwenye zamu hupakuliwa kwanza, hufunikwa, na haiguswi na mtu.

Usiku, baada ya maziko, nilimkuta nyuma ya nyumba anasugua masufuria kwa majivu. Nilichukua gunzi nikamsaidia. Ndipo aliponisimulia mkondo wa Pemba wakati wa upepo wa kusi, boti nzima inatapika, naye amejifunga kamba kiunoni mbele ya jiko anachemsha chai ya tangawizi, maana mtu mwenye tumbo tupu huumwa zaidi. Sikuwahi kumsikia akisema mengi kiasi kile kwa mara moja. Amefariki miaka sita sasa, amelala hatua chache tu kutoka kwa Babu, na nikimkumbuka, sauti inayonijia ni ile ya usiku ule, ikichanganyika na gunzi kwenye sufuria.

Alfajiri ya Jumapili akaondoka kuwahi basi. Mchana wake baba mdogo akafika, siku ya tatu njiani, suruali imekauka tope hadi magotini. Alipoambiwa Babu ameshazikwa, alikaa chini pale pale uani.

Shangazi hakumlaumu. Aliingia jikoni, akatoa darini sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine na kufungwa kwa kamba ya mgomba, akaipasha moto. Baba mdogo akauliza ni ya nani.

"Ni yako. Kaka yako aliipakua juzi kabla hata ya wazee, jana akaibadilisha. Amesema isiguswe."

Baba mdogo akaingia jikoni. Akakaa kwenye kigoda cha Mama, karibu na mafiga, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikaa, akala hadi mwisho. Kisha akatoka kwenye pipa la maji ya mvua, akaiosha ile sahani mwenyewe.