Kumbukumbu ya mradi: mkojo wa saa nne

Wiki ya 2

Msimamizi wangu amenirudishia pendekezo la utafiti. Karatasi 14, na pembeni mwa karibu kila aya ameandika neno moja: "Vipi?" Nilikuwa nataka kujua kwa nini kichocho hakijatuondoka Pemba. Nalitaka swali hilo kwa moyo wangu wote, maana nimekulia karibu na bonde la mpunga na nimewaona wenzangu wakikojoa damu na kunyamaza.

Dokta alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, hilo ni swali la umri mzima. Mimi nataka la miezi tisa."

Tulikaa saa mbili nzima. Alinikumbusha yaliyokwishafanyika hapa: mradi mkubwa ulioanza 2011 kwa lengo la kuukata kabisa uambukizo visiwani, watu wakipewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, mara mbili kwa mwaka, na baadhi ya shehia zikiongezewa dawa ya kuua konokono wa majini wanaoeneza kichocho au elimu kwa watoto na majukwaa ya kufulia nje ya mto. Kichocho kilishuka sana. Hakikwisha.

Hapo ndipo swali langu jipya lilipozaliwa. Kichocho chetu ni cha kibofu, kinacholetwa na mnyoo Schistosoma haematobium, na njia rahisi ya kukitafuta ni kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kinachoonesha damu hata isiyoonekana kwa macho. Zamani, mtoto alipokuwa na mayai mengi ya mnyoo huyo kwenye mkojo, kijiti kilisema kweli. Sasa wengi waliobaki wana mayai machache, na damu huenda isionekane. Je, katika watoto ambao hadubini inawaona na mayai, ni wangapi ambao kijiti kinawapita? Swali dogo, lakini linajibika, na jibu lake mhudumu wa kituo cha afya anaweza kulitumia kesho yake.

Wiki ya 6

Hesabu ya sampuli. Tumekadiria asilimia 5 ya watoto wana mayai, na tunataka tusikosee zaidi ya asilimia 2 huku wala huku. Fomula inatoa 457. Tukiwaongeza watakaokosekana, 508. Nilikuwa nimeandika 200 kwa sababu ndio uwezo wa mfuko wangu. Dokta amefuta, akaniambia nitafute chupa za kukopa kabla ya kupunguza watoto. Maabara imekubali kunisaidia vichujio.

Pia amenizuia nisipange kazi msimu wa karafuu, maana familia nzima huwa mashambani na madarasa hubaki matupu.

Wiki ya 9

Wiki hii yote imekwenda kwenye fomu ya ridhaa, na sijutii.

Niliipeleka kwa Dokta nikiamini imekamilika. Akaniambia: "Nenda kamsomee mama mmoja ambaye hukusoma naye. Msomee kwa sauti, usimfafanulie kitu." Nikaenda kwa jirani yetu, mtu mzima, anakuna nazi barazani. Nikamsomea: "Ushiriki ni wa hiari na mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote pasipo kuathiri haki ya kupata huduma."

Akaacha kukuna. "Kwa hiyo nikikataa, mjukuu wangu hapewi ile dawa ya skuli?"

Sentensi niliyoiandika kumlinda ndiyo iliyomtia hofu. Nimekaa nayo siku tatu. Sasa inasomeka hivi: "Ukikataa, mwanao atapewa dawa ya skuli kama wenzake. Hakuna atakayekuuliza sababu. Ukikubali leo na kesho ukabadili mawazo, tuambie tu, tutamtoa." Nilimrudia bibi nikamsomea tena. Safari hii aliuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa: mkojo ukishapimwa, unapelekwa wapi? Nimeongeza mstari: unamwagwa chooni maabara siku hiyohiyo, hauhifadhiwi, haupelekwi nje ya Pemba.

Na mtoto mwenyewe naye anaulizwa. Mzazi akikubali na mtoto akakataa, tunamwacha.

Wiki ya 13

Kibali cha maadili kimetoka Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Barua ya elimu imepatikana, na sheha amenipokea vizuri. Shehia siitaji hapa wala popote. Ni ndogo, na watu wake wanajuana.

Wiki ya 15

Majaribio ya awali, watoto 20. Nimekosea, na naliandika ili anayekuja nyuma yangu asirudie.

Mwalimu mkuu alinipa kipindi cha kwanza, saa mbili asubuhi. Nikakubali nisije nikavuruga ratiba ya skuli. Maabara tulitikisa kila chupa, maana mayai huzama chini, tukavuta mililita 10, tukapitisha kwenye kichujio, tukaangalia. Karibu tupu. Nilifurahi! Nikampigia Dokta kumwambia shehia hii imesalimika.

Akaniuliza jambo moja tu: "Mkojo wa saa ngapi?"

Nilikuwa nalijua hili, nimelisoma, nimelijibia mtihani. Mayai ya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi katikati ya mchana, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane. Mkojo wa saa mbili unaweza kukupa picha ya uongo. Na laiti ningeendelea hivyo, ningeandika kwenye tasnifu kwamba watoto wagonjwa ni wazima. Hilo limeninyima usingizi.

Tumerudi kwa ruhusa ya wazazi walewale, tukakusanya saa tano, baada ya watoto kucheza mapumziko. Chupa ambazo mwanzo hazikuwa na kitu, sasa zilikuwa na yai, refu, na ule mwiba wake mmoja mwishoni. Niliinua kichwa kwenye hadubini nikamwita fundi wa maabara aje ahakikishe. Akahesabu, akanyamaza, akaandika. Wote walioonekana na mayai walipimwa uzito na muuguzi akawapa dawa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo.

Jengine lililojitokeza: wasichana wakubwa. Aliye katika hedhi, kijiti kitaonesha damu ambayo haina uhusiano na kichocho. Siwezi kumuuliza mbele ya wenzake, na msaidizi wangu wa kiume hawezi kabisa. Muuguzi wa kike atawauliza mmojammoja chumbani, faragha, na kutia alama kwenye fomu bila maelezo. Nimeiandikia kamati kuomba badiliko hilo, nasubiri.

Wiki ya 18

Kamati imejibu: endelea.

Jumatatu tunaanza skuli ya kwanza. Mwalimu mkuu alipoelezwa sababu ya saa nne, alihamisha kipindi cha hesabati mwenyewe. Chupa zimeandikwa namba badala ya majina. Anayesoma kijiti hataambiwa hadubini imeona nini, na anayehesabu mayai hataambiwa kijiti kimesema nini. Chupa moja katika kila kumi itahesabiwa upya na mtu wa pili. Dokta atakuja siku ya kwanza. Amesema atakaa nyuma, na kazi niifanye mimi.