Siku moja maishani mwangu: mkaza vyuma wa Shimanzi

Saa kumi na mbili asubuhi navuka feri kutoka Likoni, saa moja niko karakanani, mahamri na mbaazi tumboni, tanuri limewashwa. Watu wakisikia kazi yangu ni kuchoma vyuma hudhani natengeneza mageti. Mimi hukaza shafti, gia na pini za malori, yaani nazifanya ngumu kwa moto.

Saa tatu inaingia shafti ya EN19, aina ya chuma cha pua, unene milimita 50. Chuma hiki kina kromi na molibdeni, kwa hivyo oili yatosha kukikaza. Ukikitia majini huenda kikapasuka. Nyuzi 850 mpaka moto ufike kiini, kisha koleo, oili, moshi wa uso. Joto la Mombasa walijua, na juu yake nimevaa aproni ya ngozi.

Shafti haijapoa vizuri, mwenye lori huyo. Akapitisha tupa, ikateleza bila kung'ata.

"Kijana, si imeshakuwa ngumu? Nipe niende."

"Bado, mzee. Ngumu ni ngumu, lakini itavunjika. Lazima niirudishie moto, nyuzi 600, saa mbili."

"Uilainishe tena, unilipishe mara mbili?"

Nikaitia tanuri dogo huku ananifuata nyuma, maana ikiachwa ipoe kabisa yaweza kupasuka yenyewe mezani. Nikamweleza: ukizidisha moto wa kurudishia, ugumu hushuka lakini chuma hustahimili mishindo. Nyuzi 200 ni za kitu cha kusuguana tu. Shafti ya lori hupindwa na kupigwa kila shimo la barabara. Wapi! Akampigia fundi wake Mariakani, naye akasema chuma ni chuma. Chakula changu kikapoa. Mwisho nikachukua kipande chembamba cha EN19 kilichotoka oilini, nikakibana kwenye jiliwa, nyundo moja tu. Ta! Nusu ikaruka mpaka mlangoni. Mzee akaiokota, akaigeuzageuza, akavuta kiti.

Ndipo stima ikapotea. Sindano ya kipimo cha joto ikashuka hadi 480 tukiitazama. Stima iliporudi, nikaanza kuhesabu saa mbili upya, mzee akanuna upya. Sijui ilikuwa saa ngapi tulipoitoa, Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa. Ikapoa hewani, kipimo cha ugumu cha Rokweli kikasoma 31, hapo hapo nilipopataka.

Akalipa, ila akakata mia mbili za "kucheleweshwa".