Bolti ya Gurudumu Ikikatika Ukiwa Nyumbani

Bolti moja ya gurudumu la nyuma la Corolla yangu ilikatika nilipokuwa nikifungua nati ili nikague breki, na kabla sijaiweka spana chini, jirani aliyekuwa akitazama alikwisha kunishauri nimtafute fundi wa kuchomelea. Ushauri huo hutolewa mara nyingi, nami sikubaliani nao hata kidogo. Joto la kuchomelea huharibu ugumu wa chuma cha bolti, tena katika magari mengi ya Toyota kazi hiyo haihitajiki, kwa sababu bolti haikufungwa kwa kuzungushwa bali imeshindiliwa kwenye habu, yaani kitovu kinachoshika gurudumu, kutoka upande wa nyuma, na meno madogo yaliyo shingoni mwake ndiyo yanayoizuia isizunguke. Mwenye Volkswagen ana shida kubwa zaidi, kwani kwake bolti hufungwa kwa kuzungushwa, hivyo kipande kilichokatika hubaki ndani ya habu na hulazimu kutobolewa katikati ili kitolewe. Hiyo ningempelekea fundi bila kusita.

Gari likiwa limeegemea stendi, si jeki peke yake, na magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa mawe, nililegeza breki ya mkono ili nivute dramu, lile kopo la chuma linalofunika breki. Ilikuwa imeganda kwa kutu. Dramu za Toyota huwa na matundu mawili madogo yenye nyuzi za skrubu, ambamo bolti za milimita 8 zikikazwa kwa zamu huisukuma dramu ikatoka yenyewe pasipo kuigonga ovyo. Vumbi la ndani nililifuta kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa kulipuliza ni kulivuta kifuani, na viatu vya breki vya zamani vingine vilitengenezwa kwa asbesto.

Baada ya hapo nilizungusha habu mpaka kichwa cha bolti kikafika penye nafasi, nikaigonga kwa nyundo ikatokea nyuma. Bolti mpya huingizwa kwa kuvutwa: unapanga washa (pete bapa za chuma) kadhaa zilizopakwa grisi, unageuza nati ya zamani ili upande wake bapa uzielekee, kisha unakaza taratibu mpaka kichwa kikae sawasawa. Nati hiyo baadaye hutupwa, maana imebeba mzigo usio wake. Wapo wanaoivuta bolti kwa kukaza nati juu ya rimu. Kwa rimu ya alumini huko ni kuikwaruza bure.

Kilichonivutia zaidi ni sura ya mkato wenyewe. Sehemu moja ilikuwa nyeusi kwa kutu na iliyobaki iling'aa, ishara kwamba ufa ulikuwepo kabla ya siku hiyo. Bolti hizi ni za milimita 12, na kipimo cha nguvu ya kuzikaza ni takriban nyutonimita (Nm) 103, lakini kwenye maduka ya tairi hukazwa kwa bunduki ya upepo, au kwa spana iliyorefushwa kwa bomba ambalo fundi hulisimamia kwa miguu. Kwa kuwa bolti zilizobaki zilikazwa na mkono uleule, nilibadilisha zote nne.

Kutu iliyokuwa kati ya dramu na rimu niliisugua kwa brashi ya waya, kwa sababu tabaka hilo hubonyea gari linapotembea na kuziacha nati zikiwa zimelegea. Hata hivyo, baada ya kilomita 100 hivi nilizipima tena, na mojawapo ilikubali kuzunguka kidogo.