Mambo niliyoyafanya usingizini

Nyumba zetu za mawe hapa Lamu hazimfai mtu anayetembea usingizini. Ngazi ni nyembamba, zimesimama, hazina pa kushika. Msimu wa kaskazi joto likizidi, watu hupanda kulala juu paani, na ukingo wa paa letu unanifika magotini tu. Ndiyo maana nimeona niyaandike haya waziwazi, ijapokuwa wapo nyumbani wanaotaka yabaki siri ya familia.

Natumia kwetiapini kwa ajili ya ugonjwa wa bipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Imenirudisha kazini, imenirudisha kwa watu, na sina ugomvi nayo. Kisha usingizi ukanipotea kabisa, nikaongezewa zolpidemu, kidonge cha kulalia. Tangu hapo usiku wangu ukaanza kuwa na mambo nisiyoyajua mwenyewe.

Asubuhi moja sufuria ya wali wa nazi ilikutwa wazi, mchuzi umemwagwa kwenye sahani tatu, hakuna aliyekiri kula. Mimi nilikuwa bado kitandani, nikiangalia manjano ya bizari iliyogandia chini ya kucha zangu. Nilikuwa nimenawa na kupiga mswaki kabla ya kulala. Nikajaribu kukumbuka japo ladha ya chumvi. Hakuna kitu.

Mama hakuniuliza. Kumbe alikuwa ameshaniona usiku uliotangulia, macho yangu wazi, nikipapasa komeo la mlango wa nje. Aliponiita niliitika "labeka mama" kwa sauti yangu ya kila siku, nikaendelea na komeo. Alinishika mkono akanirudisha kitandani, nami nikamfuata kama mtoto. Akakesha amekaa mlangoni, hakumwambia mtu. Alidhani nimeingiwa na jini, na aliogopa kwamba akilitamka litakuwa kweli.

Akaja maalim, akasoma, nikanywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini. Sioni aibu kusema kwamba kisomo kile kilimtuliza mama, akalala vizuri kuliko mimi. Lakini chanzo kilikuwa ndani ya pakiti ya vidonge.

Daktari wangu yuko Mombasa, na kwa hili sikungoja tarehe ya kliniki. Nilimpigia simu. Akaniambia zolpidemu niiache usiku huohuo, ila kwetiapini nisiiguse mpaka anione. Ubongo, alisema, haulali wote kwa pamoja. Sehemu inayoendesha miguu na mikono inaweza kuamka, sehemu inayopima hatari na inayoweka kumbukumbu ikabaki usingizini. Kwa hiyo mtu anapika, anatoka nje, hata anaendesha gari, na asubuhi hana habari. Hutokea zaidi mwanzoni mwa usiku, usingizi ukiwa mzito. Kwetiapini nayo imewahi kutajwa kwa watu waliotembea usingizini, lakini kwangu aliishuku kwanza ile iliyoongezwa mwisho.

Nilisoma zaidi baadaye. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kabisa liwekwe kwenye zolpidemu na dada zake wawili, ezopikloni na zaleploni, baada ya kupitia visa 66 vya aina hii. Watu 20 kati ya hao walikufa. Onyo linasema inaweza kutokea hata kwa kipimo cha chini, hata baada ya kidonge cha kwanza, na mtu ambaye yamemtokea mara moja hatakiwi kukitumia tena. Mapema zaidi, mwaka 2013, walipunguza kipimo cha kuanzia kwa wanawake, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili yetu huiondoa dawa hiyo polepole. Mimi nilikuwa nameza 10.

Nilipoanza kuyasema haya, jirani mmoja naye akafunguka. Mumewe anatumia venlafaksini kwa ajili ya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na karibu na alfajiri hurusha ngumi na mateke akipigana na watu wa ndotoni. Hilo ni jambo jingine. Tukiota, mwili kwa kawaida hufungwa usitikisike. Baadhi ya dawa za sonona hulegeza kifungo hicho, na ndoto ikatoka mikononi. Jirani huyo alikuwa anapanga kuzificha dawa za mumewe, na hapo nilimsihi sana: asizikatize ghafla, amwambie daktari. Dawa kama hiyo ukiiacha kwa mkupuo mwili huyumba, na sonona yenyewe inaweza kurudi kwa nguvu.

Kwetu nyumbani mama aliamua mwenyewe. Kitanda changu kimeshushwa chini, visu vimehamia kwenye kasha lenye kufuli, na mlango umeongezewa komeo la pili, juu, mahali ambapo mkono haufiki bila kigoda. Mambo yale hayajarudi. Komeo tumeliacha palepale.

Linaloniuma ni kwamba pale kwenye dirisha la dawa nilipopewa zolpidemu hakuna aliyenitamkia neno, na karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi ilikuwa ya Kiingereza, kwa herufi za kupofusha macho. Mama aliyekuwa macho usiku ule hasomi Kiingereza. Basi nimeandika ukurasa mmoja wa Kiswahili: ni dalili gani za kuangalia, jinsi ya kumrudisha mtu kitandani kwa upole, na umpigie nani simu. Daktari amekubali kuusoma na kuusahihisha kabla sijaupeleka kliniki kuomba ubandikwe.